Mashine Iliyokuwa Ikimsubiri Mzee Mbelwa

Hitma ya Mzee Mbelwa ilisomwa nyumbani kwake Kwedizinga, na mimi nilikwenda kwa gari langu kutoka Korogwe, gari nililolinunua kwa jasho langu, si la mume wala la mjomba. Naliweka wazi hilo mwanzoni kwa sababu nawajua watu wa kule. Nilipoliegesha tu kando ya mahindi nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Lile la nani?" na mwenzake akajibu, "La yule binti wa kompyuta. Sijui kampata mzungu." Diploma yangu niliipata Dar es Salaam kwa kukaanga maandazi alfajiri na kuingia darasani jioni nikiwa bado nanuka mafuta. Nimerudi, nimefungua ofisi yangu Korogwe, nafundisha vijana, nusu ya kompyuta za maofisini pale mjini zimepita mikononi mwangu, na bado mtu asiye na meno ya mbele anahangaika kunitafutia mzungu wa kumvisha sifa zangu. Nilijifunga mtandio, nikaingia chini ya turubai, upande wa wanawake.

Humo mikeka ilikuwa imetandikwa ukingo hadi ukingo, na harufu ya pilau ilichanganyika na harufu ya miguu iliyotembea kwenye tope. Habari ilikuwa moja tu. "Yule mzee alikuwa akiamsha mashine zilizokufa." "Ilikuwa haiguswi mpaka aje yeye." "Aliweka mkono tu, shoga yangu, mkono tu." Mama Zaituni alinipungia kutoka pembeni nikamfuata. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya redio ya Handeni kwa miaka mingi, sauti iliyosoma salamu, vifo, na bei ya mahindi, na sasa magoti yamemshinda na amestaafu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umenenepa." "Nimeshiba, mama." Akacheka, akanisogezea sahani ya pilau. Nzi wawili walikuwa wamekaa ukingoni mwake wakisugua mikono kama watu waliomaliza kazi. Sikuigusa. Niliwasikiliza wale wanawake wakimjenga marehemu, tofali juu ya tofali, na kinyaa nilichokidhani nimekiacha kwenye mwaka ule kikanipanda upya.

Mwaka ninaousema ni ule niliorudi. Redio ya Handeni ilikuwa redio ndogo ya jamii, na mimi nilichukuliwa kwa majaribio, msaidizi wa mambo ya kompyuta, nikiahidiwa kwamba nikionyesha uwezo ningekuwa fundi mkuu wa kituo. Nilipanga chumba nyuma ya bucha. Kila asubuhi niliamshwa na shoka likipasua mfupa, na maji waliyooshea gogo la nyama yalipita mlangoni kwangu yakiwa mekundu, nzi wakiyafuata. Ilinibidi niruke ili nitoke. Kazini hakukuwa bora. Chumba cha matangazo kilikuwa na dari la mbao laini lililobonyea katikati, na ndani ya dari waliishi popo. Mkojo wao ulikuwa umechora ramani za kahawia juu ya vichwa vyetu, na jua lilipopasha bati, harufu ilishuka nzito kiasi kwamba wageni waliokuja kuhojiwa walidhani kuna mtu ameficha samaki. Wenyeji wa kituo walikuwa wameizoea. Hilo ndilo lililonichefua zaidi ya harufu yenyewe. Nilipoomba dari lifunguliwe lisafishwe, Meneja Shemboza, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, aliniambia, "Binti Diploma, hao popo wametukuta hapa au sisi tumewakuta?" Wote wakacheka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Binti Diploma. Walilisema kwa kejeli. Mimi nililipokea kama cheo, kwa sababu kati ya wote waliocheka mle ndani hakuna aliyekuwa nayo.

Katikati ya uchafu huo kulikuwa na kompyuta moja iliyobeba kituo kizima. Iliendeshwa na mfumo wa Linux, imefungwa na wafadhili ambao walishaondoka zamani, na kusema haki waliifunga kwa akili: umeme ukirudi inajiwasha, programu ya matangazo inaanza yenyewe, inatazama saa na kupiga kinachotakiwa, iwe muziki, taarifa au adhana. Mambo yangekuwa mepesi kama isingekuwa radi. Handeni wingu likinguruma kila nyumba ina taratibu zake: kioo kinafunikwa, nguo nyekundu inavuliwa, kila chenye waya kinachomolewa ukutani. Pale kituoni pia. Ngurumo ya kwanza tu, Mama Zaituni alikuwa akiwaambia wasikilizaji, "Tunapisha radi," kisha anachomoa waya wa kompyuta vile vile ikiwa inafanya kazi, bila kuizima kwa utaratibu, na kuifunika skrini kwa kanga nene ili isiivute radi. Radi ikipita waya unarudishwa, taa zinawaka, feni ya kompyuta inavuma, lakini redio haisemi. Kanga haiguswi na mtu. Anatumwa kijana wa bodaboda Kwedizinga kumfuata Mzee Mbelwa.

Mzee Mbelwa aliwahi kuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge, mrefu, mkimya, mwenye koti la kaki lisilofuliwa. Alipofika watu walisimama. Alinawishwa mikono. Aliingia chumbani peke yake, akafunga mlango kwa ndani, na sisi wengine tukasimama ukumbini kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali. Baada ya muda redio ndogo iliyokuwa dirishani ilikohoa na kuanza kuimba. Watu walishangilia. Mzee akatoka, jogoo aliyefungwa miguu akawa anamsubiri kwenye boda. Mara ya kwanza nilipoona maigizo hayo nilidhani mzee anajua jambo kubwa, nikamwomba kwa adabu zote nikae naye ndani nijifunze. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. "Mashine hii haipendi macho mengi," akasema. Meneja akaongeza, "Haya umesikia. Chuo hawafundishi hayo." Sawa kabisa, chuo hawafundishi hayo.

Siri yake niliigundua kwa kufanya kile ambacho wao hawajawahi kukifanya, yaani kusafisha. Asubuhi moja kabla ya matangazo nilichukua kitambaa na sabuni nikaanza na kibodi. Ilikuwa kitu cha kutapisha. Katikati ya vitufe kulikuwa na makombo ya chapati, mbegu za machungwa, nywele, kinyesi cha popo kilichokauka, na juu ya vyote tabaka la vumbi lililoshikana na mafuta hata herufi hazisomeki. Vitufe vyote vilikuwa hivyo, isipokuwa kimoja. Kile kikubwa cha upande wa kulia, kile cha kuthibitisha kiitwacho Enter, kilikuwa kinang'aa kama sarafu iliyosuguliwa mfukoni. Nilisimama na kitambaa mkononi nikikitazama. Mtu hakuwa akiandika chochote kwenye kompyuta ile. Mtu alikuwa akibonyeza kitufe kimoja, basi.

Nitaeleza kidogo, na nitaeleza kwa lugha ya nyumbani. Kompyuta ikipata umeme haijui chochote. Kuna programu ndogo inayoamka kabla ya zote, kazi yake ni kwenda kwenye diski, kuutafuta mfumo na kuuamsha. Sisi wenye kazi tunaiita butiloda. Iliyokuwemo mle iliitwa Grub, programu ya heshima na yenye uwezo mwingi, na jinsi ilivyopangwa mle ndani ilikuwa na tabia moja ya busara: ikiona mara iliyopita mfumo ulikatika ghafla bila kuagwa, haithubutu kuendelea yenyewe. Inaweka orodha yake kwenye skrini na kumsubiri binadamu abonyeze kukubali. Ofisini, mbele ya mtu anayetazama, ni jambo jema. Chini ya kanga, katika chumba ambacho hakuna anayethubutu kufunua, ni kusubiri mpaka kiyama. Radi iliyofuata nilingoja waya urudishwe, boda akatumwa Kwedizinga, Meneja akatoka kwenda kuchagua jogoo. Nikainua pindo la kanga. Orodha ilikuwepo, nyeupe juu ya weusi, imetulia. Nikabonyeza kitufe kinachong'aa. Redio ikasema.

Ningependa kuandika kwamba watu walifurahi. Mama Zaituni aliziba mdomo kwa kiganja. Meneja alirudi na jogoo mkononi, akasimama mlangoni. "Nani ameigusa?" "Mimi. Ni kubonyeza tu, meneja. Hata mtoto anaweza. Tubandike karatasi hapa ukutani, kila mtu ajue." Meneja aliizima redio ya dirishani ili isisikike uani, akaenda kumpokea mzee, akamnawisha mikono, na Mzee Mbelwa akaingia chumbani ambamo mashine ilishawaka, akafunga mlango. Alikaa humo. Alipotoka Meneja akaiwasha tena redio ya dirishani, watu wakashangilia, na jogoo akapanda boda. Niliwatazama wote wawili usoni, na hakuna aliyeona haya hata kidogo. Nimeona watu wakila nyama iliyooza bucha lilipokosa wateja, lakini sijapata kuona kitu kilichooza zaidi ya ile shangwe. Baadaye Meneja aliniita pembeni. "Binti, wazee wa huku wanaisikiliza redio hii kwa sababu ya huyu mzee. Kiwanja hiki ni cha ukoo wake. Usije ukatuvunjia watu kwa ajili ya kitufe." Na kuanzia siku hiyo, kila radi ilipopita na waya kurudishwa, yeye alifunga chumba cha matangazo kwa kufuli na kuondoka na ufunguo.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Mjini misikiti ipo karibu, lakini kule Kwaluguru na kwenye nyumba zilizotawanyika mashambani, kwa wengi adhana ya magharibi ilikuwa ile ya redio. Mama anaweka uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na tende chache kwenye mkeka, anaweka na redio katikati, familia nzima inaitazama kama inatazama sufuria. Jioni moja ngurumo zilikuja alasiri. Waya ukachomolewa, skrini ikafunikwa kanga, na ngurumo zilipopungua waya ukarudishwa na kufuli likafungwa. Mvua ikakatika mapema, umeme ukawepo, lakini barabara ya Kwedizinga ilikuwa tope tupu na boda iliyombeba mzee ilizama njiani. Mimi na Mama Zaituni tulisimama nje ya mlango uliofungwa, tukisikia feni ikivuma ndani. Nilijua hatua tatu kutoka pale orodha ilikuwa inasubiri kidole. "Mpigie meneja alete ufunguo," nilisema. "Nimempigia. Anasema mzee yuko njiani." Jua likazama. Mji ulifuturu kwa adhana za misikitini, na simu ya Mama Zaituni ikaanza kulia kutoka mashambani. Bibi mmoja wa Kwaluguru alimwambia, nami nilisikia kwa sababu alikuwa akipiga kelele, "Nyie watu, tumekaa mbele ya uji mpaka umeganda! Watoto wamelala na njaa zao! Mnatufungisha hadi daku?"

Kesho yake kilikaliwa kikao. Meneja alitafuna maneno taratibu, na nilimtazama midomo yake iliyong'aa mafuta mchana wa Ramadhani nikafikiri, huyu ndiye anayezungumzia adhana. Alisema mashine iliguswa na mtu asiyeruhusiwa, kwamba tangu siku ile haiko sawa. Fundi wa umeme akaitikia. Mtunza stoo akaitikia. Mama Zaituni alitazama sakafuni. "Kwa hiyo, Binti Diploma," Meneja alihitimisha, "magharibi ikipita tena kimya, wewe utafute pa kwenda, na sisi tutaandika sababu. Na ikiwa unaweza kuifanya iseme, kama unavyojisifu, kazi ya fundi mkuu ni yako. Mashahidi hawa hapa." Alisema hivyo akicheka, kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye. Nikamwambia, "Nimekubali."

Nilikuwa nimeshaamua. Ningeweza kuituliza Grub kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio yake, na mtu wa kazi akisoma hapa atauliza mbona sikufanya hivyo. Niliifungua nikaona. Aliyepita kabla yangu alikuwa ameirundikia mifumo mitatu ya zamani isiyofanya kazi tena, majina ya mizimu kwenye orodha, na maagizo yaliyopingana, yakiandikwa upya kila mfumo uliposasishwa. Ilikuwa kama ile kibodi, uchafu juu ya uchafu. Mimi sipaki rangi juu ya kinyesi cha popo. Niliamua kuing'oa na kuweka butiloda nyingine, nyepesi, isiyo na orodha wala maswali, ambayo kazi yake ni kuuamsha mfumo mmoja na kunyamaza.

Siku niliyoichagua ni Ijumaa. Ijumaa mchana redio ilirusha hotuba moja kwa moja kutoka msikitini, sauti ikipita kwenye mtambo wa kuchanganyia bila kuihitaji kompyuta, na wanaume wote, Meneja akiwemo, walikuwa kwenye swala. Chumba kilikuwa wazi kwa sababu Mama Zaituni alilazimika kukaa kwenye mtambo. "Mwanangu, unafanya nini?" Mama Zaituni alininong'oneza, khatibu alipoanza hotuba. "Nambadilisha mwamshaji." "Ikifa?" "Ikifa nitakwenda zangu. Si ndivyo walivyosema?" Akashika tasbihi yake. Nilinakili kiini cha mfumo na faili lake la kuanzia kwenye kile kipande kidogo cha diski ambacho kompyuta hukisoma kwanza. Nikaweka butiloda mpya. Nikaiandikia maelezo yake, mistari michache tu, mmoja ukiwa na utambulisho wa diski, namba na herufi zisizo na mpango ambazo ukikosea moja tu mfumo haupatikani. Nilizisoma kwa sauti ya chini, tumbo likiwa tupu na popo wakikwaruza juu, tone lao likadondoka karibu na mkono wangu. Nikaandika isisubiri chochote. Nikaongeza maagizo kwamba kila kiini kipya kikija kinakiliwe chenyewe. Kisha nikazima na kuwasha.

Skrini ikawa nyeusi, halafu ikatokea kwa sekunde chache orodha ile ile ya zamani, na mizimu yake mitatu. "Imekataa?" Mama Zaituni aliuliza. "Haijakataa. Imezoea njia." Kompyuta yenyewe ilikuwa bado imeandikwa ndani yake kwamba iitwe Grub kwanza. Niliingia kwenye mipangilio ya mashine, nikaipandisha mpya juu, nikawasha tena. Khatibu alikuwa kwenye dua za mwisho. Nilisikia "amina" za msikiti mzima zikipita kwenye spika. Weusi. Pumzi. Halafu mfumo ukafunguka moja kwa moja, bila orodha, bila swali. Nikaing'oa Grub na mizimu yake yote. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi mwoga hafanyi: nilishika waya nikauchomoa kwa nguvu kama wanavyofanya wao radi inapopiga, nikauchomeka tena, nikafunika kanga, nikakunja mikono. Programu ya matangazo ikaanza chini ya kanga bila kuguswa na mtu. Mama Zaituni aliitazama kanga, akanitazama mimi. "Kumbe ni hivyo tu?" "Ni hivyo tu, kwa anayejua."

Mawingu yalikuja jioni ile ile, kana kwamba yaliitwa. Ngurumo, kanga, waya, na safari hii ilikatika hata taa ya mji mzima. Meneja akafunga kufuli, akatuma boda mapema, na akakaa ukumbini akinitazama kama paka anayetazama panya aliyekosa tundu. Wafanyakazi walikusanyika wote. Mama Zaituni, kabla mlango haujafungwa, alikuwa amesharudisha waya ukutani. Ngurumo zilikuwa zimehamia mbali na alijua ninachohitaji. Tulikaa gizani. Futari ilikuwa imepangwa kwenye mkeka. Boda ikasikika inapanda kilima. Umeme ukarudi. Mzee Mbelwa aliingia getini, tope hadi magotini, akainama kwenye ndoo kunawa miguu, na ndipo redio ya dirishani ikakohoa na adhana ya magharibi ikaanza, kwa wakati wake kamili, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Meneja.

Nilisimama. Nilitaka waniangalie. Wao wakaangalia getini. "Hajafika hata mlangoni!" mtunza stoo alipiga kelele. "Amekanyaga uwanja tu!" Fundi wa umeme akaweka mikono kichwani. Meneja alikuwa wa kwanza kumkimbilia mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, leo umetuonyesha." Mzee Mbelwa alikuwa bado na mguu mmoja ndani ya ndoo. Alinitazama mimi juu ya kichwa cha Meneja, na kati ya watu wote waliokuwepo, yeye peke yake ndiye aliyejua nani ameifanya mashine ile iseme. Alikuwa na hofu. Walifuturu wakimsimulia. Nilikunywa maji nikatoka, tende ilinikataa mdomoni.

Baada ya siku chache alibisha hodi chumbani kwangu, nyuma ya bucha, mchana wa jua kali. Aliruka yale maji mekundu kwa shida. "Hodi." "Karibu, mzee. Shikamoo." "Marahaba." Hakukaa. Alikuwa ameshika asali kwenye chupa ya maji ya kunywa. "Umeifanya nini ile mashine?" "Nimeitoa ile iliyokuwa ikikusubiri, nimeweka isiyosubiri mtu." Akatikisa kichwa muda mrefu. "Irudishe kama ilivyokuwa." Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee, watu walilala na njaa." "Kuchelewa kufuturu hakujaua mtu." Aliweka chupa chini. "Wanangu wako Dar. Hata simu hawapigi. Radi ikipiga najua nitafuatwa. Nikikaa nyumbani tu, binti, nani atakuja?" Mtu mwingine angelia. Mimi niliwaona watoto wa Kwaluguru na uji ulioganda, na jogoo mmoja mmoja akipanda boda, na nikamwambia wazi, "Siirudishi." Aliondoka bila kuaga. Asali niliiacha palepale alipoiweka. Kesho yake ilikuwa nyeusi kwa sisimizi, nikaitupa pamoja na chupa.

Meneja naye aliniita na kuniambia hayo hayo kwa maneno ya ofisini. Nirudishe ya zamani, kwa heshima ya mzee, na kile cheo tungekizungumza. Nilimwuliza mashahidi wake wako wapi. Akacheka kile kicheko cha haraka. Nilifungasha siku ile, nikapanda basi la Korogwe, na sikuiacha nyuma ile butiloda ya zamani wala maelezo ya namna ya kuirudisha. Korogwe nilianza na meza moja kwenye kibaraza cha duka la mtu, na leo hicho kibaraza na duka ni vyangu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna mwingine atakayeyasema.

Pale hitmani Mama Zaituni alinisogelea sikioni. "Unajua aliendelea kufuatwa? Mpaka mwezi wake wa mwisho." "Kufuatwa kufanya nini? Si inajiwasha?" "Inakuwa imeshawaka. Anafika, wanamnawisha, anaingia, anafunga mlango." "Halafu?" "Anakaa anasikiliza redio." Nilimtazama. "Na nyinyi nyote mlijua?" Alivuta kanga yake begani. "Mwanangu, nani asiyejua kwamba redio inayosema imewaka?"

Meneja Shemboza, mvi tupu sasa na mnene zaidi, alikuja hadi ukingoni mwa upande wetu. Aliniita kwa jina langu halisi, jambo lililonitia shaka. "Mzee ametutoka. Sasa radi ikipiga tutamfuata nani? Nimewaza wewe. Una gari." "Haihitaji mtu, meneja. Haijahitaji mtu tangu ile Ramadhani." "Bado una kiburi," akasema, bila hasira. Kabla sijamjibu, wingu lilinguruma upande wa Handeni. Dada mmoja akainuka kufunika kioo cha marehemu kwa shuka. Redio ya betri iliyokuwa jikoni, iliyokuwa ikisoma salamu za rambirambi, ikasema, "Tunapisha radi," na kunyamaza.

Turubai zima lilinyamaza nayo. Niliwaona wanaume wakitazamana, na wanawake wakimtazama mjane. Huyo wa kumfuata alikuwa chini ya udongo mbichi nyuma ya mahindi. "Unaona?" Meneja alininong'oneza, ufunguo wa kituo tayari mkononi. "Twende." "Kaa," nilimwambia. "Walioko kituoni wakirudisha waya, inatosha. Kaa usikilize." Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Mvua ilipiga turubai ikapita. Hakuna aliyekula. Nilisubiri kama nilivyowahi kusubiri mara moja tu maishani, gizani, mbele ya mlango wenye kufuli, na nikajiambia, leo hakuna geti, hakuna ndoo, hakuna mzee wa kukanyaga uwanja. Leo wataiona.

Redio ya jikoni ikakohoa. Ikasema.

Meneja Shemboza aliinua mikono yake miwili juu, macho yakimtiririka machozi. "Allahu akbar! Mzee wetu, hata kaburini hajatuacha!" Na turubai zima, wanaume na wanawake, likaitikia amina kwa sauti iliyoondoa nzi kwenye sahani yangu. Mama Zaituni alinigusa goti. "Itikia, mwanangu. Watu wanakutazama."

Sikuitikia.